Fedha Iliyogeuzwa Fedha: Masonara wa Kinavajo na Jiwe la Feruzi

Lugha yetu imelipa neno moja kazi mbili. Tukisema fedha, huenda tunataja madini meupe ambayo sonara huyafua yakawa pete, na huenda tunataja kile tunachokipeleka sokoni kununulia unga. Wanafunzi wangu hulalamika kwamba jambo hili linawachanganya. Mimi huwaambia kuwa neno halina lawama. Dunia ndiyo iliyobadilika. Zamani madini na pesa vilikuwa kitu kimoja. Riale za Maria Theresa zilizopita mikononi mwa watu wa Unguja katika karne ya 19 zilikuwa vipande vya fedha halisi, na masonara wa Oman na Uhabeshi walipotaka kufua kikuku au kidani hawakwenda mgodini, bali walizitia sarafu hizo motoni zikayeyuka.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu historia ninayotaka kukusimulia ni ya watu waliofanya vivyo hivyo mbali sana na pwani yetu. Waliichukua pesa ya serikali iliyowashinda vitani, wakaiyeyusha, wakaivaa shingoni. Watu hao ni Wanavajo wa kusini-magharibi mwa Marekani, nao katika lugha yao hujiita Diné, yaani watu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Vitabu vya shule tulivyosomeshwa sisi wa rika langu viliwaita wenyeji wote wa Amerika "Wahindi Wekundu", jina lililotokana na kosa la mabaharia waliodhani wamefika India. Nakushauri ulitupe. Kwetu Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, na isitoshe, katika miji mingi ya Afrika Mashariki sonara aghalabu ni Mhindi huyo, hata neno lenyewe sonara tumelipokea kutoka kwao. Ukimtajia mtu wa Buyenzi "sonara wa Kihindi", hatafikiri hata kidogo juu ya Arizona.

Taifa la Wanavajo leo lina ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 70,000, iliyoenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Sisi wa Burundi tukijipima nao, nchi yao inatuzidi zaidi ya mara mbili, ingawa sehemu kubwa ni nyika kavu ya mchanga na majabali mekundu. Wana rais wao, baraza lao la kutunga sheria, mahakama zao na polisi wao, na makao makuu yako Window Rock. Ni taifa ndani ya taifa, jambo ambalo mwanafunzi wa uraia hana budi kulitafakari kwa makini, kwa kuwa mambo yote nitakayoyaeleza mwishoni yanategemea hilo.

Feruzi ilikuwako kabla ya fedha. Kwa itikadi ya Wanavajo, nchi yao imezungukwa na milima minne mitakatifu, na kila mlima una rangi na kito chake. Mlima wa kusini, ambao ramani za Marekani huuita Mount Taylor, ni mlima wa feruzi. Jiwe hili la rangi ya buluu au kijani ni mchanganyiko wa shaba, alumini, fosfati na maji. Shaba ndiyo inayolipa ubuluu, na chuma kikiingia linaelekea ukijani. Majirani zao Wapueblo walilichimba huko Cerrillos, karibu na mji wa sasa wa Santa Fe, karne nyingi kabla Mzungu hajakanyaga pale, na katika magofu ya Pueblo Bonito, katika bonde la Chaco, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta maelfu ya vipande vyake. Walilisugua, wakalitoboa, wakalitunga kama ushanga. Kwa Wanavajo lilikuwa na lingali ni jiwe la heri, la kinga na la sala. Neno letu feruzi limetoka Uajemi, kulikokuwa na machimbo mashuhuri ya Nishapur. Kumbuka habari ya Uajemi, itarudi.

Kuhusu madini, Wanavajo walijifunza kwanza chuma. Mtafiti John Adair, aliyekaa nao mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1944, aliwauliza wazee ni nani aliyekuwa wa kwanza. Walimtajia Atsidi Sani, jina linalomaanisha Mhunzi Mzee. Huyu alijifunza uhunzi wa chuma kwa Mmeksiko mmoja katikati ya karne ya 19, na sababu yake haikuwa ya kishairi hata kidogo. Wanavajo walikuwa wapanda farasi, na lijamu zote walizinunua kwa Wameksiko. Atsidi Sani aliona kwamba akijua kuzifua mwenyewe, watu wake watazinunua kwake. Napenda sana ukweli huu. Tumezoea kusimuliwa kwamba sanaa za jadi zilishuka kutoka kwa mababu wa mababu bila mwanzo wala muuzaji. Kumbe hii ina mwanzo unaojulikana, ina mwalimu mgeni, na ina mtu aliyepiga hesabu ya soko.

Kisha ikaja vita. Katika miaka ya 1863 na 1864 jeshi la Marekani, likiongozwa na Kit Carson, liliingia nchi ya Wanavajo na kuchoma mahindi, kuchinja mifugo na kukata miti ya mipichi katika bonde la Canyon de Chelly, ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Waliosalimu amri walitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita kuelekea mashariki hadi Fort Sumner, penye mto Pecos, mahali wao wanapopaita Hwéeldi. Zaidi ya watu 8,000 walifungiwa huko katika ardhi yenye maji ya chumvi na kuni haba. Mazao yaliliwa na wadudu. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 2,000 walifia utumwani humo.

Kuna kisa kimoja cha kambi hiyo ambacho wanahistoria wa ufundi hukitaja kwa tabasamu la uchungu. Chakula kiligawiwa kwa vyeti. Vyeti vya karatasi ngumu vilipoanza kuigizwa na wafungwa, wanajeshi waliamua kutumia vipande vya madini vyenye chapa, wakiamini kwamba hivyo haviigiziki. Walisahau kwamba miongoni mwa wafungwa walikuwamo wahunzi. Vyeti vya madini viliigizwa navyo, tena vizuri kiasi cha kumdanganya mgawaji, na matumbo kadhaa yakashiba siku ambazo yangelala na njaa. Baadaye katika makala hii utasoma habari za watu walioghushi kazi za Wanavajo. Usiuweke ughushi ule na huu katika mizani moja.

Tarehe 1 Juni 1868, viongozi wa Wanavajo, akiwamo Barboncito, walitia saini mkataba na Jenerali William T. Sherman. Tofauti na mataifa mengi ya wenyeji wa Amerika yaliyohamishwa na kutorudi tena, Wanavajo waliruhusiwa kurejea katika sehemu ya nchi yao. Walirudi maskini. Serikali iliahidi kuwapa kondoo na mbuzi 15,000, na kwa mifugo hiyo na ufumaji wa mablanketi walianza upya. Ni katika miaka hiyo ya kurudi ndipo ufuaji wa fedha uliposhika mizizi. Wataalamu wamebishana kama Atsidi Sani aliijua fedha kabla ya kifungo au baada yake. Adair aliamini ni baada. Linalotuhusu ni kwamba katika muda wa miaka 15 tu tangu kurudi, kazi hiyo ilikuwa imeenea kiasi cha kuwashangaza wageni.

Mmoja wa wageni hao alikuwa daktari wa jeshi, Washington Matthews, aliyekuwa katika ngome ya Fort Wingate. Aliwatazama masonara wakifanya kazi, kisha akaandika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1883. Natamani kila mwalimu wa ufundi ayasome. Tanuri lilijengwa kwa udongo ndani ya nyumba. Viriba vya kuvuvia vilishonwa kwa ngozi ya mbuzi. Makaa yalichomwa kwa mti wa mreteni. Kikombe cha kuyeyushia madini kilifinyangwa na sonara mwenyewe, kidogo tu, kimo chake kama inchi 2. Kalibu ilichongwa katika jiwe laini la mchanga, nayo ilipakwa mafuta ya kondoo kabla ya kumiminiwa fedha. Fuawe ilikuwa kipande chochote cha chuma kizito kilichookotwa, na kikikosekana, jiwe gumu. Kwa kulehemu, sonara aliuchukua waya mnene wa shaba nyeupe, akaugonga ukawa bapa, akaukunja ukawa mrija. Kwa mrija huo alipuliza mwali wa tambi ya pamba iliyolowa mafuta, akauelekeza penye kiungo. Basi. Kwa vyombo hivyo vinavyoweza kuingia katika mfuko mmoja, watu hawa walifua shanga za mviringo zilizofungana bila mshono kuonekana.

Na fedha yenyewe ilitoka wapi? Wanavajo hawakuwa na mgodi wa fedha. Walikuwa na mishahara michache, malipo ya sufi na ngozi, na sarafu zilizopita kwa wanajeshi na wafanyabiashara. Dola ya Marekani ya wakati huo ilikuwa na fedha asilimia 90. Sonara aliiyeyusha. Serikali ilipoanza kukemea uharibifu wa sarafu zake mwishoni mwa karne hiyo, wafanyabiashara wakaleta peso za Meksiko, ambazo hazikuwa duni kwa ubora. Wao katika lugha yao huiita fedha béésh łigaii, yaani chuma cheupe, na kutokana na maneno hayo limetokea jina la ukoo Peshlakai, ambalo limebebwa na baadhi ya masonara wao mashuhuri.

Feruzi ilipandwa juu ya fedha baadaye kidogo. Adair aliambiwa kuwa aliyeanza ni Atsidi Chon, karibu mwaka 1878. Huyo huyo, yapata 1872, alikuwa amekwenda kukaa kwa Wazuni na kumfundisha Lanyade, naye Lanyade miaka mingi baadaye akamfundisha Mhopi aitwaye Sikyatala. Hivyo katika kizazi kimoja ufundi ulivuka mipaka ya mataifa matatu, kila moja likaufanya wake: Wazuni wakapenda vijiwe vingi vidogo vilivyokatwa kwa usahihi, Wahopi wakaja kukata michoro katika bamba la juu na kulilehemu juu ya bamba jeusi, nao Wanavajo wakabaki na fedha nzito na jiwe moja kubwa linalotawala. Feruzi nzuri ilipokuwa haba, mfanyabiashara Lorenzo Hubbell wa Ganado, ambaye duka lake lingali limesimama hadi leo kama hifadhi ya taifa, aliagiza feruzi kutoka Uajemi. Ndiyo, Uajemi ule ule uliotupa sisi neno. Sisi tulipokea jina, wao wakapokea jiwe.

Kulipandisha jiwe ni kazi ya subira. Sonara hukata utepe mwembamba wa fedha, akauzungusha ukalingana na umbo la jiwe, akaulehemu juu ya bamba ukawa kama ukuta mfupi. Katika kazi nyingi za zamani, ndani ya ukuta huo huwekwa unga wa mbao ili jiwe lilale juu ya kitu laini. Halafu jiwe huwekwa, na ukingo wa ukuta hukandamizwa kidogo kidogo ukaling'ang'ania. Kulehemu lazima kumalizike kabla ya jiwe kuwekwa, kwa sababu feruzi haistahimili moto. Nakshi zilizozunguka hupigwa kwa mihuri ya chuma ambayo sonara ameichonga mwenyewe, aghalabu kutoka kwa tupa kuukuu. Ufundi huu wa mihuri waliuiga kwa Wameksiko waliopamba ngozi za matandiko ya farasi. Mihuri hurithiwa. Mjuzi aweza kukitazama kikuku na kutaja familia iliyokifua kwa kuangalia muhuri tu.

Maumbo nayo yana safari zao. Pengine umewahi kuona picha ya kidani chao kinachojulikana zaidi, chenye shanga za fedha zilizochanua kama maua, na chini yake umbo la mwezi mwandamo. Maua hayo watalii huyaita ya boga, lakini wataalamu wengi huona ndani yake komamanga, pambo ambalo Wahispania na Wameksiko walilitumia katika vifungo vya nguo. Mwezi, ambao huitwa naja, ulikuwa ukining'inia katika hatamu za farasi wa Wahispania, na Wahispania waliupata kwa Waislamu wa Afrika Kaskazini waliotawala sehemu za nchi yao tangu mwaka 711 hadi 1492, ambao waliwavisha farasi wao hirizi hiyo kuwakinga na jicho la hasidi. Hivyo mwanamke wa Kinavajo anayekwenda kwenye sherehe Arizona amevaa kifuani kitu ambacho bibi wa pwani yetu angekitambua bila kuelezwa. Mikanda yao ya visahani vya fedha pia ina historia iliyoandikwa katika umbo: visahani vya mwanzo vina tundu katikati ambamo ngozi hupitishwa, kwa kuwa masonara walikuwa bado hawajamudu kulehemu, walipomudu, tundu likazibwa na kishikizo kikawekwa nyuma.

Sasa niseme jambo ambalo mtalii haoni. Mapambo haya hayakuwa mapambo tu, yalikuwa benki. Familia ya wafugaji ilipata pesa mara mbili kwa mwaka, ilipouza sufi na ilipouza wanakondoo. Katikati, ilikula kwa mkopo wa duka. Rehani ilikuwa ni kidani, mkanda au hatamu ya fedha. Mwenye duka alikiweka kitu hicho katika chumba cha nyuma kikiwa na kikaratasi chenye jina, na mwenye duka muungwana hakukiuza hata muda ulipopita. Ilikuwa kawaida kumruhusu mwenyewe akichukue kwa siku chache akakivae kwenye ibada, kisha akirudishe. Waliokuwa si waungwana nao walikuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Tume ya Biashara ya serikali kuu ilifanya vikao vya kusikiliza wananchi, na kanuni zilizofuata ziliifukuza kabisa biashara ya rehani kutoka ndani ya ardhi ya Wanavajo ikahamia miji ya mpakani kama Gallup. Je, hali ikawa bora? Mkopo bado ulihitajika, na duka sasa lilikuwa mbali, mikononi mwa mtu asiyemjua bibi yako. Sheria nzuri huweza kukuondolea dhuluma na ujirani kwa mkono mmoja.

Turudi nyuma kidogo. Reli ilifika Gallup mwaka 1881, na pamoja nayo wakaja watalii. Mwaka 1899 Kampuni ya Fred Harvey, iliyoendesha hoteli na mikahawa kando ya reli ya Santa Fe, ilianza kuwaagizia masonara vitu vyepesi vya kuuza kwa abiria. Kikuku cha Mnavajo kilikuwa kizito mno kwa mkono wa bibi wa Chicago, na bei yake pia. Wakapewa fedha na feruzi iliyokwisha kukatwa, wakalipwa kwa uzito. Mishale iliyopishana na ndege wa radi vikawa vingi, kwa kuwa mtalii alitarajia kuviona. Nisiwalaumu waliofanya kazi hiyo. Kwa familia nyingi ilikuwa ndiyo nafuu pekee, hasa katika miaka ya 1930 serikali ilipopunguza kwa nguvu kondoo wao, ikidai malisho yanakwisha. Mtu aliyenyang'anywa kundi lake hana budi kushika nyundo.

Wakati huo huo viwanda viliamka. Mashine ya kukandamiza mabati iliweza kutoa kwa saa moja vikuku ambavyo sonara angevifua kwa miezi. Vilipigwa chapa ya mishale, vikauzwa kama kazi ya mkono ya wenyeji. Wafinyanzi Watwa wa nchi yetu wanaujua nusu ya msiba huu: ndoo na sufuria za kiwandani ziliwanyang'anya soko. Lakini hakuna mwenye kiwanda aliyejisingizia kuwa Mtwa ili auze sufuria yake. Kwa Wanavajo, kiwanda kilichukua soko na jina pia.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na ndiyo sababu ya mwalimu wa uraia kuandika juu ya vidani. Mwaka 1935 Bunge la Marekani liliunda Bodi ya Sanaa na Kazi za Mikono za wenyeji wa asili, na kuharamisha kuuza kitu kwa jina lao ilhali si chao. Mwishoni mwa muongo huo Bodi ilijaribu kugonga muhuri wa serikali juu ya kazi safi: maneno U.S. NAVAJO, kwa kitu kilichofuliwa kwa mkono kutoka kipande cha fedha, chenye feruzi halisi. Mpango haukudumu, maana vitu vilivyofaulu vilikuwa vichache na bei yake haikuweza kushindana na vya mashine. Kilichodumu ni shule na ushirika. Ambrose Roanhorse, sonara Mnavajo, aliwafundisha vijana ufuaji wa kale huko Santa Fe na Fort Wingate, akawa nguzo ya chama cha mafundi kilichoanzishwa mwaka 1941. Mwaka uliotangulia, viongozi wa Wanavajo na wa mataifa mengine matatu walitia saini tamko la kuacha kutumia katika kazi zao ile nembo ya msalaba uliokunjwa, ambayo kwao ilikuwa ishara ya kale na takatifu, kwa sababu Wanazi walikuwa wameinajisi. Fikiria: kuibiwa alama yako na mtu wa bara jingine, na wewe ndiwe unayelazimika kuiacha.

Sheria ya 1935 ilikuwa na meno mabovu. Adhabu ilikuwa ndogo, na mwendesha mashtaka alitakiwa kuthibitisha kwamba muuzaji alidanganya kwa makusudi. Basi mapambo ya fedha na feruzi yalipogeuka mtindo wa dunia nzima katika miaka ya 1970, bandia zilimwagika. Mwaka 1990 ilitungwa sheria mpya yenye adhabu nzito: mtu binafsi kwa kosa la kwanza aweza kutozwa hadi dola 250,000 au kufungwa hadi miaka 5, na kampuni hadi dola 1,000,000. Hata hivyo, sheria ni karatasi mpaka mtu aitumie. Mwaka 2015 wapelelezi wa serikali kuu walivamia maduka kadhaa New Mexico, baada ya kufuatilia mapambo yaliyofuliwa Ufilipino na kuuzwa kama kazi ya wenyeji. Mfanyabiashara mmoja wa Albuquerque alihukumiwa kifungo cha miezi 6 mwaka 2018. Miezi 6, msomaji. Linganisha na muda anaoutumia kijana kujifunza kulehemu bila kuunguza bamba.

Taifa la Wanavajo lenyewe halikukaa kusubiri. Mwaka 2012 liliishtaki kampuni ya mavazi ya Urban Outfitters kwa kulitumia jina Navajo katika bidhaa zake, na shauri likamalizika kwa mapatano mwaka 2016. Walikuwa wamelisajili jina lao kuwa alama ya biashara, na waliweza kwenda mahakamani kama mwenye mali. Sisi tuna la kujifunza hapo. Katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno kikoi, kwa tahajia yake, kuwa alama yake, na Wakenya wakalazimika kukimbia kupinga. Kenya baadaye, mwaka 2016, ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Je, katika nchi yako wewe unayesoma, ni nani aliyeandikwa kuwa mwenye kikapu, ngoma au nakshi za kwenu? Ukiulizwa na hakimu, utaonyesha karatasi gani?

Iwapo siku moja utasafiri huko, au ndugu yako aliyeko Arizona atataka kukuletea zawadi, mwambie aulize maswali mawili dukani: ni nani aliyekifua kitu hiki, na jiwe limefanyiwa nini. Muuzaji mkweli atataja mtu na taifa lake, na ataandika hayo katika risiti. Kuhusu jiwe, ajue kwamba feruzi nyingi ya sasa ni laini na hutiwa gundi maalumu ili iwe ngumu. Si haramu, ila isemwe. Nyingine si feruzi kabisa, ni jiwe jeupe lililopakwa rangi. Jiwe zuri la asili linazidi kuwa ghali: machimbo ya Sleeping Beauty huko Arizona, yaliyotoa buluu safi ya anga, yaliacha kutoa feruzi mwaka 2012.

Limebaki swali moja gumu. Ile sheria ya 1990 humtambua fundi kwa uanachama wa taifa, na Taifa la Wanavajo humwandikisha aliye na robo ya damu yao au zaidi. Damu hupimwa kwa vizazi. Chukua mfano wa babu Mnavajo kamili aliyeoa nje, mwanawe naye akaoa nje, na mjukuu wake pia. Mjukuu ana robo, ameandikishwa. Kitukuu ana sehemu moja ya nane. Kitukuu huyo huenda ndiye aliyekaa miguuni pa babu, ndiye aliyerithi mihuri ya chuma na fuawe, na ndiye pekee katika ukoo anayejua kuuvuvia moto. Akiandika juu ya kikuku chake kwamba ni kazi ya Mnavajo, anavunja sheria iliyotungwa kumlinda babu yake. Sheria imeacha mlango mdogo: taifa laweza kumthibitisha kuwa fundi wake ingawa si mwanachama, na hapo ataruhusiwa kulitaja. Mlango huo ni wa taifa kuufungua au kuufunga, si wa serikali ya Washington wala wa mnunuzi, na mataifa hayajaamua kwa namna moja.